Dondoo Muhimu: Loshuu, Kabichi na Hatari ya Saratani

Mboga za jamii ya kabichi, ambazo katika mashamba ya umwagiliaji ya Nduruma na masoko ya Arusha hujulikana zaidi kwa majina ya kabichi yenyewe, sukuma wiki, chainizi na loshuu, zina glukosinolati, yaani kemikali zenye salfa ambazo, jani linapokatwa au kutafunwa, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi na kutoa isothiosayanati, ambazo katika maabara zimeonekana kusaidia seli kuondoa sumu zinazoweza kuanzisha saratani.

Kwa kuwa mirosinasi huharibiwa na joto kali, inafaa mboga ioshwe kwa maji safi, ikatwekatwe, kisha iachwe dakika kadhaa kabla ya kuinjikwa. Na kwa kuwa glukosinolati huyeyuka katika maji, desturi ya kuchemsha majani kwa muda mrefu na kumwaga maji yake ni hasara ya kusikitisha, ilhali kupika kwa mvuke, kukaanga kwa muda mfupi au kachumbari ya kabichi mbichi huhifadhi sehemu kubwa zaidi.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hata hivyo, anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha majani haya, yenye vitamini K nyingi, bila kumwona daktari.

Ushahidi kwa binadamu kwamba mboga hizi huzuia saratani bado haujakamilika. Kwa hiyo mboga hizi zisichukue nafasi ya kuacha tumbaku, chanjo ya HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi) kwa mabinti na uchunguzi wa mapema wa shingo ya kizazi, na mwenye uvimbe usioeleweka awahi kituo cha afya.