Kabla hujaongeza mfuko wa pili wa Urea, fanya jaribio

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Misimu miwili iliyopita nilimshauri kijana mmoja akuzie mahindi kwa mifuko miwili ya Urea kwa eka badala ya mmoja. Nilikuwa nimeona kwa macho: kipande alichokiwekea Urea zaidi kilikuwa kijani kweli kweli, mahindi manene. Msimu uliofuata akanunua mifuko mitano ya ziada kwa eka zake tano. Mavuno hayakurudisha hata pesa ya mbolea. Ndipo baba yake akatuambia kile kipande zamani kilikuwa zizi la ng'ombe. Kumbe tulikuwa tunaisifia samadi!

Siku hizi nafanya hivi:

1. Swali liwe moja. Mfuko mmoja au miwili, upi unalipa? Kinachobadilika ni Urea tu. Mbegu, nafasi, siku ya kupanda, palizi na dawa ya viwavijeshi viwe sawa kote.

2. Pima vipande 9, kila kimoja mita 5 kwa 5. Vitatu bila Urea, vitatu kwa kiwango cha mfuko mmoja wa kilo 50 kwa eka, vitatu kwa miwili. Kwa kipande kimoja hiyo ni kama gramu 310 na gramu 620. Kwa nini vitatu vitatu? Kimoja kikiangukia kwenye zizi la zamani, viwili vilivyobaki vitakushtua.

3. Piga kura. Andika vikaratasi 9, vikunje, vitie kwenye kofia, uchomoe. Ukichagua mwenyewe, mkono utakimbilia penye rutuba.

4. Vuna katikati tu, mita 3 kwa 3, maana mimea ya pembeni huiba mbolea ya jirani. Kausha, pukuchua, pima kila kipande peke yake. Zidisha kwa 450 upate kilo za eka. Andika kwenye daftari hapo hapo, usitegemee kichwa.

5. Chora grafu. Mstari wa chini weka mifuko: 0, 1, 2. Mstari wa wima weka kilo kwa eka, ukianzia sifuri, la sivyo tofauti ndogo itaonekana mlima. Weka nukta zote 9, halafu unganisha wastani wa kila kiwango.

Sasa soma. Nukta za mfuko mmoja na za miwili zikichanganyikana, usiamini tofauti hiyo. Rudia msimu mwingine. Mstari ukipanda mpaka 1 kisha ukalala, ishia hapo. Ukiendelea kupanda, piga hesabu: kilo zilizoongezeka mara bei ya mahindi lazima zizidi bei ya mfuko na kibarua wa kuuweka.

Yule kijana bado tuko naye. Msimu huu amepima vipande vyake 9 mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kofia.