Mzimu, Ramli na Kitabu cha Hadithi

Wako Wakristo wanaodhani ya kuwa kuchanganya dini na mila za wazee ni jambo letu watu wa bara tu, na kwamba Waislamu wa pwani, kwa kuwa wamekaa na kitabu karne nyingi, hawalijui. Tena wako wanaodhani ya kuwa vitabu vya hadithi ni vya kupitishia wakati, havina fundisho. Natumaini mtu akisoma kitabu kimoja tu atayaacha mawazo hayo yote mawili.

Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale, alichokiandika Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi hii ilipata tuzo katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Bwana mmoja mwenye mali, jina lake Bwana Ali, aonekana amekufa penye mzimu. Watu wa mahali pale ni Waislamu. Walakini hofu ya mzimu ingalimo mioyoni mwao, na wengi waona ya kuwa mizimu ndiyo iliyomwua. Ndipo atokeapo Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum. Yeye haulizi mizimu imekasirishwa na nini. Ataka kujua nani alikuwa wapi, na nani alikuwa na haja gani na marehemu.

Angalieni vema mwandishi afanyavyo. Yeye mwenyewe ni Mwislamu, wala hawadhihaki watu wake. Anajua mzimu wa pwani ulivyo: pango, au mbuyu, au gofu la kale, ambako mtu hupeleka ubani na bendera, na pengine husoma Fatiha papo hapo. Kwao wafanyao hivyo, hizo si dini mbili. Mungu ni mmoja, tena ni mkuu mno. Lakini wazee wa kale wako karibu, nao huweza kuona kinyongo kama jirani aonavyo. Masheikh wengi wameyakemea mambo hayo, wala hawakuyamaliza. Msukuma hahitaji kuelezwa zaidi, kwani naye anayajua masamva ya ukoo wake.

Jambo hili limeandikwa hata Afrika ya Magharibi. Camara Laye wa Guinea, katika kitabu chake L'Enfant noir cha mwaka 1953, asimulia habari za baba yake, mfua dhahabu na Mwislamu, ambaye nyoka mweusi, mlinzi wa ukoo, humjia na kumwonya mambo yatakayokuja. Kijana aendapo masomoni Conakry, mama yake ampa maji yaliyooshea maandiko matakatifu ubaoni, ayanywe apate akili. Mtu wa pwani angeliyaita kombe mara moja. Kitabu hicho ni kizuri sana, chenye upendo mwingi kwa wazazi. Lakini sisi wa Bariadi twamhitaji Abdulla kuliko Laye, nami nitaeleza sababu.

Neno ramli ni la Kiarabu, maana yake mchanga. Hapo kwanza lilikuwa jina la uaguzi wa kupiga alama mchangani, nalo lilikuja na wafanya biashara na vitabu vyao. Leo huku kwetu mfumu apasuaye kuku na kutazama matumbo yake, watu husema anapiga ramli. (Nako Unguja, Muhammed Saleh Farsy aliandika hadithi ya mabinti pacha akaiita Kurwa na Doto, majina yale yale tuwapayo pacha wetu.) Basi neno la wageni limevaa ngozi ya kuku wa Kisukuma, wala hakuna aliyeona ajabu. Ajabu yako kwa yule anayetajwa na ramli hiyo. Mtoto hufa kwa homa. Ramli humtaja bibi kizee wa nyumba ya tatu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Na usiku huja watu wenye mapanga. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na mwezi wa Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo vikongwe wameendelea kuuawa katika nchi ya Wasukuma baada ya sheria na baada ya marufuku.

Hapo ndipo Abdulla atufaapo. Katika hadithi yake, hofu ya mzimu ni pazia, na mwuaji amejificha nyuma yake. Kadiri watu wanavyozidi kutetemeka, ndivyo anavyozidi kuwa salama.

Mwinjilisti akitaka kukisoma kitabu hiki na vijana, asimame pale maiti inapoonekana, afunge kitabu, kila mmoja aandike ni nani aliyeua na kwa nini adhani hivyo. Karatasi azitunze mpaka sura ya mwisho. Kiswahili cha Unguja kina maneno mageni kwetu, kwa hiyo asome kwanza peke yake. Na nakala zikiwa chache, sura moja kwa sauti kila jioni yatosha.