Mchezo Umekwisha, Kazi Haijaisha

Mkulima akimaliza kuvuna, haketi bure. Huezeka nyumba, humsaidia jirani. Je, wachezaji wa mpira wanaolipwa mshahara hufanya nini ligi inapokwisha? Tusome habari za timu ya Leeds Rhinos ya Uingereza.

Timu hii hucheza raga. Mpira wa raga una umbo la yai, nao hubebwa kwa mikono. Rob Burrow alikuwa mfupi kuliko wenzake, lakini mwepesi sana. Alivaa jezi namba 7. Aliacha kucheza mwaka 2017.

Desemba 2019, akiwa na miaka 37, aliambiwa ana ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Mgonjwa huishiwa nguvu polepole. Hushindwa kutembea, kusema, hata kumeza. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Desemba 2020 ligi ilikuwa imekwisha. Kevin Sinfield, aliyekuwa nahodha wa Burrow, alikimbia mbio ndefu za marathoni mara 7 kwa siku 7. Watu wakachanga zaidi ya pauni milioni 1 kusaidia wagonjwa. Mei 2023 alikimbia tena mjini Leeds, akimsukuma Burrow katika kiti cha magurudumu. Walipofika mwisho alimbeba, wakavuka mstari pamoja.

Burrow alifariki Juni 2, 2024. Siku iliyofuata, ujenzi wa kituo cha kuwatunza wagonjwa hao ulianza Leeds.

MASWALI
1. Kwa nini Sinfield alichagua siku 7?
2. Marathoni moja ni kama kilomita 42. Marathoni 7 ni kilomita ngapi?
3. Baada ya mavuno, nani kijijini kwako anahitaji msaada? Wewe na wenzako mtafanya nini?