Mume, Kristo Alilipenda Kanisa Namna Gani?

Bila shaka umewahi kuhudhuria harusi kanisani na kusikia likisomwa somo la barua ya Mtume Paulo kwa Waefeso, sura ya 5. Linapofika neno la utii, wajomba hukohoa kidogo na macho yote humgeukia bibi harusi. Yanayofuata, kuanzia aya ya 25, watu husikiliza nusunusu maana mawazo yamekwisha kwenda kwenye pilau. Leo tuyatazame hayo yanayofuata, kwa kuwa huko ndiko kwenye mzigo mkubwa.

Kabla ya kusema na wake, Paulo anawaambia wote wawili wanyenyekeane kwa kumcha Kristo. Hiyo ni aya ya 21. Halafu wake wanapewa aya tatu. Waume wanapewa zaidi ya mara mbili ya hizo, nao wanaambiwa wawapende wake zao jinsi Kristo alivyolipenda Kanisa, yaani kwa kujitoa kwa ajili yake. Siku zile, katika dola ya Kirumi, baba wa nyumba alikuwa na mamlaka makubwa mno juu ya watu wake. Kumwambia mke atii halikuwa jambo geni. Geni lilikuwa kumwambia mume kwamba kipimo chake ni msalaba.

Sasa tujiulize: Kristo anawapendaje wale wanaomwamini? Hakungoja wastahili. Paulo anawaeleza Warumi kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tukiwa bado wenye dhambi. Usiku ule wa karamu ya mwisho aliwaosha miguu wanafunzi wake, na Yuda alikuwa bado mezani. Petro alimkana mara tatu. Baada ya ufufuko Bwana akamwandalia mkate na samaki pale ufuoni, wakala kwanza, ndipo akamwuliza kama anampenda. Hakumtaka aeleze habari za usiku ule wa kumkana. Wako waume (na wake pia, tusifichane) wanaokumbuka kosa la mwaka wa kwanza wa ndoa mpaka tarehe na nguo iliyovaliwa siku hiyo.

Mume wa Kangemi au Kawangware atasema, "Mimi naondoka alfajiri, napigania matatu, nafanya kazi mjini kutwa, narudi saa tatu usiku baada ya msongamano wa Waiyaki Way. Kodi nalipa, karo nalipa, unga upo. Nijitoe vipi tena?" Ndugu yangu, hilo si jambo dogo katika jiji hili, na mke asiyeliona anakosea. Lakini Kristo hakututumia msaada tu akabaki mbali. Alikuja mwenyewe. Papa Fransisko alipozuru Nairobi mwaka 2015 hakuwaagiza watu wa Kangemi wamfuate mjini. Tarehe 27 Novemba aliingia mtaani mwao, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Watu waliguswa kwa sababu alifika. Mke naye anataka ufike, si pesa zako peke yake. Ukiingia nyumbani, ukala, kisha ukainamia simu mpaka usingizi, hujafika bado.

Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, Kongamano la Ekaristi la Kimataifa lililofanyika hapa Nairobi mwezi wa Agosti 1985, ambalo Papa Yohane Paulo II alilifunga katika Uhuru Park. Mada yake ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo. Viliunganishwa makusudi. Anayepiga magoti saa ya chakula cha mchana katika Basilika ya Familia Takatifu anapokea mwili uliotolewa kwa ajili yake. Akirudi jioni akimficha mkewe mshahara, akimnyima neno jema, ni nini hasa alichokipokea mchana?

Hapa ni lazima tuseme waziwazi juu ya jambo linaloharibu watu. Wako wake wanaopigwa, na wakieleza huambiwa na jamaa, hata na Wakristo wenzao, kwamba wavumilie, ndio msalaba wao. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Kristo alitoa damu yake mwenyewe kwa ajili ya bibi harusi wake. Hakuimwaga ya bibi harusi. Paulo anasema hakuna mtu auchukiaye mwili wake mwenyewe, na mke ni mwili wa mumewe. Kanoni ya 1153 ya sheria za Kanisa inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayemtia katika hatari kubwa ya mwili au ya roho, na kama kukawia ni hatari, anaweza kuondoka bila kungoja ruhusa ya askofu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 dhidi ya jeuri ya nyumbani nayo inamlinda. Mama, ukiwa katika hali hiyo, piga 1195, ni bure, kisha umwone paroko. Kusamehe hakukulazimishi kurudi kulala chini ya ngumi.

Neno kwa wake ni fupi. Mume akipoteza kazi, usimhesabie siku alizokaa nyumbani mbele ya watoto.

Na ninyi mnaoishi pamoja miaka sita au kumi, mkikaa benchi la nyuma wakati wa Komunyo kwa sababu hamjapata fedha za harusi? Kanisa halidai magari ya kukodi wala keki ya orofa tano. Linadai ridhaa ya hiari ya watu wawili wasio na kizuizi, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Mambo ya mahari yazungumzeni na wazee mapema. Wengi wao hukubali kulipwa polepole. Ombeni parokia mlikobatizwa iwape vyeti vya ubatizo vilivyotolewa karibuni, mwende wote wawili ofisini kwa paroko, mkaulize mafunzo ya ndoa yanaanza lini.