Kuirudisha kazini cherehani nyeusi ya Singer

Cherehani nyeusi ya Singer iliyokaa stoo miaka mingi ikagoma kuzunguka, mara nyingi haijaharibika. Mafuta ya zamani yameganda yakawa ulimbo, kipande cha uzi kimejiviringa nyuma ya gurudumu, na mtu wa mwisho kuijaribu aliiona nzito akaifunika. Chuma chake bado kizima. Kwa hiyo kuifufua ni kusafisha zaidi kuliko kutengeneza. Nalisisitiza hili kwa sababu nyingi huuawa na watu wanaozipenda kweli: wanazifungua zote, wanazipiga msasa, wanazipulizia rangi mpya, kisha wanaziweka sebuleni zisishone tena.

Kabla ya kununua, soma namba ya mashine. Imegongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia, chini ya nguzo. Namba zisizo na herufi mbele ni za kabla ya 1900, na tangu mwaka huo Singer ilianza kutanguliza herufi. Zinazoanza na EA, EB na kuendelea zilitengenezwa Clydebank, Scotland, kuanzia katikati ya miaka ya 1930. Hata ile K katika majina kama 15K au 28K inatokana na Kilbowie, eneo la kiwanda hichohicho. Kiwanda kilifunguliwa 1885 na kufungwa 1980, na muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa kikitoa cherehani zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Hadi leo kituo cha treni cha pale kinaitwa Singer.

Ikumbuke hiyo milioni moja unapoambiwa bei. Umri peke yake hauifanyi cherehani kuwa adimu. Lipia uzima wake, usilipie miaka yake. Na akija mtu kukunong'oneza habari za zebaki nyekundu, muage kwa heshima uondoke. Mwaka 2009 Saudi Arabia ilikumbwa na uvumi kwamba Singer za kale zina kitu hicho ndani, watu wakazigombania kwa maelfu ya riyali. Uvumi wa jamii hiyo huzunguka huku kwetu pia, leo pasi ya mkaa, kesho redio ya zamani. Ndani ya cherehani hakuna zebaki ya rangi yoyote. Kuna chuma, mafuta na vumbi la nguo.

Kama unanunua ya kwanza, chagua aina ya 15, ile yenye bobini ya duara inayoingia ubavu wa kushoto, na visahani vya kukazia uzi vikiwa mbele usoni, karibu na sindano. Sababu yangu ni spea. Wajapani waliiga umbo hilo baada ya Vita Kuu ya Pili, Wachina wakaliiga pia, na Butterfly iliyojaa kwenye vibaraza vya mafundi ni ndugu yake wa karibu. Bobini, kikombe chake, spiringi na skrubu nyingi vinaingiliana, na duka lolote linalouza vifaa vya ushonaji litakuwa navyo. Zile za aina ya 27 na 28 zina bobini ndefu nyembamba inayokaa ndani ya chombo chenye umbo la risasi ambacho hubembea huku na huku. Ni nzuri mno kutazama na zinashona mshono ulionyooka kweli. Lakini kama chombo hicho hakimo, usitoe pesa mpaka umeshakipata kingine na kukijaribu humo.

Ukiwa kwa muuzaji, zungusha gurudumu polepole kuelekea kwako. Likiwa zito kila mahali, ni ulimbo, usiogope. Likizunguka vizuri kisha likagonga na kusimama palepale kila mara, kuna uzi ulionasa au chuma kimepinda, kwa hiyo fungua sehemu ya bobini uchungulie. Pitisha kidole chini ya mkono wa mashine na kuzunguka kitako ukitafuta ufa, maana chuma cha kusubu kikipasuka si rahisi kukichomelea kikakaa sawa. Tazama meno yanayosukuma kitambaa: yakiwa yamelika yakawa laini, itabidi yabadilishwe. Inua mashine uangalie mbao kwa chini, hasa kwenye kona. Mchwa hula kutoka ndani na kuacha ngozi ya juu ikimeta. Hilo lisikukatishe tamaa, kwani seremala anaweza kukuchongea kitako kipya cha mninga au mvule, ila lipunguze bei.

Sasa kazi yenyewe. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kufungua kitu, hasa mpangilio wa visahani vya uzi. Ondoa sindano, mguu, bobini na kikombe chake. Fungua skrubu mbili za bamba la sindano, kisha bamba la usoni upande wa kushoto na kifuniko cha nyuma kama kipo. Bisibisi ijaze mfereji wa skrubu kwa upana na unene. Bisibisi nyembamba huukwangua, na skrubu iliyokwanguliwa ni shida ya siku nzima. Ikigoma, itone mafuta, iache hadi kesho, ipashe moto kidogo kwa drayer ya nywele, ujaribu tena. Usiigonge mashine kwa nyundo.

Kilichobaki usifungue. Nguzo ya sindano, ndoano inayonasa uzi na mitaimbo ya chini iliwekwa kiwandani kwa vipimo vya unywele, na mashine nyingi zilizonishinda kuzielewa ni zile ambazo mtu alilegeza skrubu ya nguzo ya sindano "kuangalia tu".

Kwa brashi ngumu na kibanio cha nyusi, toa vumbi la nguo lililoshikana chini ya meno na kwenye makazi ya bobini. Mara nyingi huwa limekandamizwa likawa gumu kama kipande cha fulana nzito, na ukilitoa tu mashine inapumua. Kisha tumia mafuta ya taa. Tone moja kila tundu la mafuta juu ya mkono wa mashine, na kila mahali chuma kinaposugua chuma, juu na chini. Zungusha gurudumu, ongeza, acha usiku mzima, zungusha tena asubuhi. Utaona maji ya kahawia yakishuka, huo ndio ulimbo. Futa, rudia mpaka yatoke safi. Fanya kazi hii nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko na kibatari, na petroli isikaribie hapo kabisa.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanaona mashine imekuwa nyepesi kwa mafuta ya taa, wanaanza kushona. Mafuta ya taa huyeyusha, hayalainishi. Yakikauka yanaacha chuma kitupu kikisagana. Lazima yafuatwe na mafuta ya cherehani yenyewe, yale meupe mepesi ya chupa ndogo, tone moja kila mahali, kisha shona kwenye kitambaa cha kufutia mpaka kisitoke doa. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi. Mafuta ya nazi ni mabaya zaidi kwa aliye Njombe, Arusha au Limuru, maana yakipoa chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaganda yenyewe asubuhi hata kabla hujaketi. Oili ya injini ni nzito kupita kiasi kwa mwili wa mashine.

Kwa nje uwe mpole. Nakshi za dhahabu zimelindwa na vanishi ya zamani ambayo spiriti huiyeyusha mara moja, na dhahabu ikibaki uchi hugeuka kuwa ya fedha, kisha hutoweka. Basi hakuna spiriti, hakuna thina, hakuna sabuni ya unga, hakuna dawa ya meno. Chukua pamba yenye mafuta ya cherehani, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, sugua kwa duara ndogo bila haraka. Uchafu wa miaka utatoka mweusi, na rangi ya chini itajitokeza ikiwa na mng'ao wake. Gurudumu na mabamba meupe yenye kutu yasugue kwa stilwaya laini iliyochovywa mafuta. Alama za kazi ya fundi aliyetangulia, pale nakshi ilipofutika mbele ya sindano kwa sababu ya vitambaa kupita miaka yote, ziache. Kwangu mimi mashine yenye alama hizo ina thamani kuliko iliyopakwa rangi mpya ya gari.

Ikishazunguka, nunua sindano mpya kabla ya kulaumu chochote. Nusu ya malalamiko ya mshono kuruka ni sindano butu, iliyopinda au iliyowekwa kinyume. Kwenye pakiti tafuta 15x1, HAx1 au 130/705H, maana ni jamii moja kwa majina matatu. Zenye shina la mviringo mtupu, kama DBx1, ni za mashine za kiwandani. Namba 11 kwa hariri na voile, 14 kwa kanga na vitenge, 16 kwa kaki, 18 kwa jinzi. Sindano ina ubavu mmoja bapa na upande wa pili una mfereji mrefu. Ubavu bapa uelekee kwenye ndoano, na uzi uingie kutoka upande wa mfereji. Katika aina ya 15 maana yake uzi unaingia kulia na kutokea kushoto. Isukume juu mpaka ikome ndipo ukaze skrubu.

Tunga uzi mguu ukiwa juu, kwa sababu hapo visahani vimeachana na uzi unazama katikati. Ukitunga mguu ukiwa chini, uzi unakaa juu ya visahani, na matokeo yake ni lundo la vitanzi chini ya kitambaa. Watu wakiona vitanzi hivyo hukimbilia kurekebisha bobini, kumbe kasoro iko juu. Ili kupima bobini, shika mkia wa uzi na uache kikombe kining'inie: kinatakiwa kikae, na ukitikisa mkono kidogo kishuke kidogo. Kikianguka chenyewe, kaza skrubu yake ndogo kwa robo mzunguko tu. Kisha shona kipande cha majaribio, uzi mwekundu juu na wa bluu chini. Fundo likionekana juu, legeza visahani. Likionekana chini, vikaze. Likijificha katikati ya kitambaa, usiguse tena.

Kama ni ya miguu, tia mafuta kwenye maungio ya kanyagio na ya ile fimbo inayoliunganisha na gurudumu kubwa. Mkanda wa ngozi uwe na mkazo wa kutoteleza tu. Ukiukaza sana, miguu inachoka na ekseli inalika. Anza kwa mkono, ukilivuta gurudumu kuelekea kwako ndipo miguu ifuate, maana likirudi nyuma uzi unafungamana.

Suala la mota nina msimamo mkali. Mota za zamani zina nyaya za mpira ambao umekauka na kumeguka, na zilizoletwa na jamaa kutoka Marekani ziliundwa kwa volti 110 hadi 120, wakati umeme wetu ni takribani 230 hadi 240. Usichomeke kujaribu. Ikiwa hujui fundi umeme wa kuaminika, iondoe mota yote na uiwekee mashine mkono wa kuzungusha, ilimradi gurudumu lake liwe na spoki na nguzo iwe na kile kinundu chenye tundu la skrubu nyuma. Gurudumu lililojaa bila spoki halishiki mkono, itabidi ulibadilishe. Cherehani ya mkono inatosha kabisa kwa pindo za kanga, mapazia na viraka vya sare, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Kuishi nayo ni kuishonea. Mashine inayoshona kila wiki haigandi. Ukimaliza, acha kipande cha kitambaa chini ya mguu ili kinyonye mafuta yanayoshuka, toa vumbi la bobini, na uifunike kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hapana, hasa kwa wakazi wa pwani: kuanzia Lamu hadi Mtwara hewa ina chumvi, na chini ya nailoni jasho la usiku halina pa kutokea. Huko pwani yapitishie mabamba meupe kitambaa chenye mafuta mara kwa mara, hata kama hujashona.

Na kama mama, bibi au fundi aliyeitumia mashine hiyo yupo hai, mkalishe mbele yake kabla hujaifungua hata skrubu moja. Muulize alitia mafuta wapi, alitumia sindano namba ngapi, na ni kitu gani kilikuwa kikimsumbua, kisha andika majibu yake kwenye karatasi uiweke kwenye droo ya cherehani.