Rojo ya Saruji Kwenye Ardhi ya Chumvi: Pima Maji Kabla ya Kununua Mfuko

Kabla hujanunua mfuko hata mmoja wa saruji ya rojo ya kujaza matundu ya nguzo, chimba shimo hadi kina cha msingi wako, subiri maji yajae, kisha chota lita moja kwenye chupa safi na uipeleke maabara siku hiyohiyo. Omba upimiwe salfeti, magnesi, kloraidi na pH. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 206, salfeti ya miligramu 200 hadi 600 kwa lita ni shambulio hafifu, 600 hadi 3,000 ni la kati, na 3,000 hadi 6,000 ni kali. Maji ya bahari yana takriban 2,700, kwa hiyo anayejenga karibu na ufuko ajue mapema yuko kundi gani. Bara nako kuna ardhi ya namna hii, hasa penye jasi, kama Makanya wilayani Same.

Salfeti huingia kwenye vitundu vya saruji, hukutana na alumini iliyomo na chokaa iliyobaki huru, na hapo huzaliwa fuwele zinazovimba na kupasua kutoka ndani. Pozolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa, huila ile chokaa huru na kuziba vitundu. Ndiyo maana saruji yenye klinka (mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji) pungufu, ambayo pia imetoa hewa ukaa kidogo kiwandani, inaweza kudumu ardhini kuliko ile ya klinka tupu.

Soma maandishi ya mfukoni. CEM IV au CEM II, ikiwa na herufi P, ina pozolana asilia. Herufi L ni mawe ya chokaa. Hupunguza klinka lakini hayaleti kinga hiyo. Kuanzia kundi la kati tafuta herufi SR, yaani saruji inayohimili salfeti, na ukizikosa dai cheti cha majaribio ya salfeti. Penye chuma na maji ya bahari, usikimbilie saruji ya klinka tupu yenye SR: alumini yake ni ndogo, hivyo hunasa kloraidi kidogo, na chuma huwahi kutu. Chagua yenye pozolana.

Anayetaka kuongeza majivu ya pumba za mpunga aangalie rangi. Meusi yana kaboni inayokunywa maji. Yanayofaa ni ya kijivu, yaliyochomwa kwa moto uliodhibitiwa usiozidi nyuzi 700 hivi, kisha yakasagwa laini sana.

Sasa maji ya kuchanganyia, ambako kazi nyingi huharibikia. Mfuko wa kilo 50 upewe ndoo moja ya lita 20, basi. Rojo itakuwa nzito, na kijana wa pampu atataka kuongeza kopo. Mkatalie, mpe kilainishi cha saruji kwa kipimo cha mtengenezaji. Kila kopo la ziada huacha vitundu, na chumvi hupita humohumo. Jaza rojo kwenye chupa angavu, iache saa 3: maji yakielea juu kwa unene unaoonekana wazi, mchanganyiko huo usiingie shimoni. Maji ya kisima cha chumvi usiyatumie kabisa. Sukuma rojo kwa bomba kuanzia chini ya tundu la nguzo kwenda juu, ili itoe maji ya chumvi badala ya kuchanganyika nayo.

Pozolana haina haraka. Sehemu iliyo wazi imwagilie wiki 2, wala usiipe mzigo kwa ratiba ya saruji ya kawaida.

Kuna mahali hata pozolana haitoshi. Magnesi ikiwa nyingi hulainisha gundi yenyewe ya saruji. Udongo wa mikoko nao, ukikaushwa, hugeuza madini yake ya salfa kuwa asidi. pH ikishuka chini ya 4.5, zungushia rojo ganda la plastiki la kudumu, au hamisha nguzo.