Kabla ya kununua miche ya asili, hesabu visiki ulivyonavyo shambani

Somo la leo ni kurudisha miti ya asili kwenye shamba lililochoka. Naanza na kosa langu mwenyewe, maana lilinifundisha kuliko darasa la chuo.

Shamba la mama yangu lipo hapa Dodoma, ekari sita. Miaka yote tulilima mtama na alizeti, tukafyeka kila kichaka ili trekta lipite vizuri. Namaliza diploma, nakuta korongo lililoanzia kwenye njia ya ng'ombe limeshakula karibu nusu ekari, na kaka ameanza kutafuta mteja wa kuuza. Nikamwambia, "Kaka, nipe misimu mitatu tu." Nikanunua miche 200, nikapanda. Kufika Septemba ilibaki 31. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine mchwa, mingi ni jua tu. Afisa ugani mzima! Majirani walinicheka, na walikuwa na haki.

Kilichonishtua ni hiki: pembeni ya miche iliyokauka, visiki tulivyokuwa tunavifyeka kila mwaka vilikuwa na machipukizi ya kijani. Hakuna aliyevimwagilia.

Kwa nini kisiki kinashinda mche?

Kisiki kina mizizi iliyokwenda chini miaka mingi. Mche wa kwenye kiriba una mizizi ya shubiri moja, halafu unaukabidhi kiangazi cha miezi saba. Hiyo ndiyo siri ya njia ambayo huku kwetu inaitwa Kisiki Hai. Wazee wa Kondoa wanajua habari hii. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka sana. Ardhi ilipopumzishwa, majani na vichaka vilirudi vyenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu na uchague

Tembea shamba zima wakati wa kiangazi, ukiwa na mzee anayejua majina ya miti. Funga kitambaa kwenye kila kisiki unachotaka kubaki nacho, ili dereva wa trekta na vibarua wakione. Usiache vyote. Wewe ni mkulima, unahitaji nafasi ya zao.

Hatua ya 2: Punguza machipukizi

Kwenye kila kisiki bakiza machipukizi mawili hadi matano, yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine kata kwa panga kali, mkato safi. Matawi ya chini ondoa mpaka karibu nusu ya urefu. Rudia kila baada ya miezi michache, maana kisiki kitaendelea kuchipua.

Hatua ya 3: Zuia mifugo

Hapa ndipo wengi wanafeli. Ongea na wafugaji mapema, kabla mazao hayajavunwa na ng'ombe hawajaingia. Mimi niliwaachia njia moja ya kupita, nikaziba nyingine kwa matawi ya miiba. Kugombana hakusaidii, mbuzi hasomi bango.

Hatua ya 4: Sasa panda, lakini kwenye mapengo tu

Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 kabla ya mvua. Udongo wa juu weka pembeni, uchanganye na samadi iliyooza. Panda ardhi ikishalowa vizuri, sio mvua ya kwanza. Toa kiriba chote, tengeneza kisahani cha kukusanya maji, weka matandazo lakini yasiguse shina.

Kwa shamba la mazao, chaguo langu la kwanza ni mgunga ule wenye maganda ya rangi ya chungwa yaliyojikunja. Unapukutisha majani wakati wa mvua, kwa hiyo hauwekei mtama kivuli, na maganda yake ni chakula kizuri cha mifugo wakati wa kiangazi. Nafasi ya mita 10 kwa 10 inakupa miti 40 hivi kwa ekari. Mbegu zake ni ngumu: zimwagie maji ya moto, ziache humo usiku kucha ndipo uoteshe. Mipakani weka mkwaju.

Tuongee pesa

Nisikudanganye. Mgunga utachukua zaidi ya miaka kumi kabla hujaona tofauti kubwa kwenye mazao chini yake. Mpingo utavunwa na wajukuu, na kuuvuna kunahitaji kibali. Lakini visiki vinaanza kukulipa mapema: fito na kuni za kupogolea, malisho, sehemu ya kutundika mizinga, na upepo kupungua. Gharama yake ni panga na muda wako. Miche 200 iliyokufa ilinigharimu akiba yangu yote.

Shamba liko wapi sasa?

Ndani ya korongo tulipanga mawe kukatisha maji, na kingoni tukaacha visiki vyote vikue. Korongo bado lipo, ila misimu miwili sasa halijasogea. Kaka hajauza. Mwezi uliopita nilimkuta anafunga kitambaa kwenye kisiki ambacho mimi nilikiruka.

Kazi ya nyumbani: Wiki hii pima hatua 50 kwa 50 shambani kwako, hesabu visiki vyenye machipukizi. Ukishapata idadi, ndipo uamue kama kweli unahitaji kununua mche hata mmoja.

Kazi njema.